Msiulize Kwanza Kama Picha ni ya Kweli

Hotuba kwa wazazi, walezi, walimu na viongozi wa mitaa, Mtwara

Shikamooni wazee. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na vijana wetu mambo.

Ndugu mwenyekiti, walimu, masheikh na wachungaji, mama zangu na baba zangu, makungwi mlioitikia wito, wenyeviti wa mitaa, na ninyi mafundi simu ambao tumewaomba makusudi mje. Tumeombwa tuzungumze kuhusu watoto na picha, video na sauti zinazotengenezwa na akili mnemba. Mambo tutayataja kwa majina yake, kwa hiyo waliokuja na watoto wadogo wawaruhusu wakacheze nje kidogo.

Picha chafu ya binti wa shule ikiangukia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, swali la kwanza huwa ni lile lile: ni yeye kweli, au wameitengeneza? Watu wanaikuza, wanaangalia shingo, wanaangalia vidole, wanailinganisha na picha ya Idi. Mabishano yakiendelea, picha imeshatoka Chikongola imefika Newala, aliyeituma mwanzo ameshafuta kila kitu kwenye simu yake, na binti amegoma kula. Swali hilo lina wakati wake. Wakati wake si saa ya kwanza, na wa kulijibu si sisi wanakundi.

Kwanza, macho hayawezi kulijibu. Tulizoea kuambiana tuhesabu vidole, tutazame meno na hereni. Hayo yalisaidia miaka michache iliyopita, lakini programu za sasa zimeshayarekebisha. Halafu WhatsApp yenyewe huibana picha kila inapotumwa ili isile bando, na ikibanwa mara tatu au nne zile dalili ndogo ambazo mtaalamu angezitafuta zinapotea. Anayekwambia "mimi nikiangalia tu najua" anakudanganya, au anajidanganya.

Pili, sheria haikuweka uzito kwenye swali hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inapoeleza ponografia ya watoto, haiishii kwa mtoto aliyepigwa picha halisi. Inamtaja pia mtu anayeonekana kuwa mtoto, na taswira inayomwakilisha mtoto. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kilipotungwa kilikataza kuichapisha, kuifanya ipatikane au kurahisisha wengine waifikie kwa njia ya kompyuta, na simu yako ya mkononi ni kompyuta. Adhabu iliyowekwa wakati huo ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au mara tatu ya faida aliyoipata mtu kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18, hata kama amemaliza kidato cha nne na anauza kwenye duka la baba yake.

Kwa hiyo anayesema "mimi nimetuma tu ili wazazi wake wamtambue" ametuma. Hata mzazi mwenye uchungu anayemrushia mwenyekiti wa mtaa ile picha ili kulalamika, naye ameiongezea safari. Nenda kwa miguu ukamweleze, na ikibidi aione, mwonyeshe kwenye simu yako. Usiitume.

Sasa tueleze inavyotengenezwa, kwa sababu wazazi wengi wanadhani kuna mashine inayoona ndani ya nguo. Hakuna. Programu hizi zimefundishwa kwa mamilioni ya picha. Ukiipa picha ya binti aliyevaa sare, inafuta sehemu ya nguo na kuijaza kwa kubahatisha, kwa kufuata miili ya watu wengine iliyojifunzia. Uso ni wa mtoto wako. Kilichobaki kimebuniwa. Inahitaji picha moja tu ya uso unaoonekana vizuri, na kazi yenyewe huchukua sekunde. Mwambieni mtoto jambo hili mapema, kabla halijamfika, kwamba kile ambacho watu wanadhani wamekiona si mwili wake. Mtoto anayelijua hilo hubaki na nguvu ya kuja kusema. Asiyelijua hujiona ameshaanikwa, akanyamaza.

Na teknolojia hii si ya juzi. Mwaka 2020, miaka miwili kabla ya ChatGPT kuzinduliwa, kampuni ya uchunguzi ya Sensity iligundua ndani ya Telegram programu inayojiendesha yenyewe ya kuvua watu nguo kwenye picha. Wanawake zaidi ya 100,000 walikuwa wameshafanyiwa hivyo na picha zao kuwekwa hadharani. Mwaka 2023 shirika la Uingereza la Internet Watch Foundation lilikuta kwenye jukwaa moja tu la siri mtandaoni, ndani ya mwezi mmoja, picha 20,254 zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Karibu 3,000 kati ya zile walizozipitia zilionekana kuvunja sheria ya Uingereza kuhusu unyanyasaji wa watoto.

Mkisikia hayo mtasema ni mambo ya Ulaya na mabaradhuli wa huko. Basi sikieni la Almendralejo. Ni mji wa wakulima wa zabibu na zeituni kusini-magharibi mwa Hispania, si jiji kubwa. Septemba 2023 wasichana zaidi ya ishirini, wengine wana miaka 11, walikuta picha zao za utupu zikizunguka kwenye simu za wanafunzi. Zilikuwa zimetengenezwa kutokana na picha zao za kawaida wakiwa wamevaa nguo. Waliozitengeneza walikuwa wavulana wa huko huko, watoto wanaojuana nao. Juni 2024 mahakama ya watoto ya Badajoz iliwatia hatiani watoto 15 na kuwaweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Hakukuwa na mtaalamu wa kompyuta hata mmoja. Kilichotumika ni simu, programu ya kupakua, na picha ambazo wasichana wenyewe walikuwa wameziweka kwenye kurasa zao.

Hapa nyumbani, utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walipitia unyanyasaji mzito wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, yaani watoto kama 200,000. Hesabu hiyo ilifanywa kabla programu hizi hazijawa rahisi kama zilivyo leo.

Basi mtengenezaji anahitaji picha, na picha tunampa sisi. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo mkono wetu unafika.

Angalieni mahafali ya darasa la saba. Mpiga picha anapiga kila mtoto kwa karibu, uso umejaa, mwanga mzuri, beji ya shule kifuani. Jioni picha mia mbili zimo kwenye ukurasa wa Facebook wa shule, nyingine na majina. Mtu mbaya hapo amepata uso safi, jina, shule na umri kwa mkupuo mmoja. Walimu wakuu, tunawaomba jambo ambalo tayari ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Tengenezeni fomu ya nusu ukurasa, mzazi atie sahihi mwanzoni mwa mwaka: anakubali picha za mtoto ziwekwe mtandaoni au hakubali. Za kuweka ukurasani ziwe za kundi, zimepigwa kutoka mbali au kutoka nyuma, bila majina, na kabla ya kuzipandisha mzipunguze ziwe na upana wa pikseli 600 hivi badala ya 4,000 zinazotoka kwenye kamera. Kupunguza hakuzuii kabisa, kwa sababu kuna programu za kung'arisha picha ndogo, lakini uso wenye ukubwa wa punje ya mchele si chaguo la mvivu, na wengi wa hawa ni wavivu. Picha nzuri, zile kubwa, wapeni wazazi wenyewe mkononi.

La pili mtatusamehe, linahusu unyago. Likizo ya Juni na ya Desemba ikifika, na hasa korosho zikiwa zimelipa, wali, yaani mabinti waliofundwa, wanatolewa, wamepambwa, wamejifunga kanga, mabega wazi. Zamani waliowaona walikuwa waliokuwepo uwanjani. Siku hizi shangazi watatu wanarusha moja kwa moja TikTok, na ndugu wa Dar es Salaam anaweka kwenye status. Hatuzungumzii mila yenyewe, wenyewe mnaijua kuliko sisi. Tunazungumzia kamera. Ndiyo maana tumewaomba makungwi mje: neno lenu linasikika pale kuliko la afisa yeyote. Ngoma ikianza, simu zikusanywe kwenye kapu mlangoni, na mtu mmoja anayeaminika apige picha za kumbukumbu kwa simu moja, azikabidhi kwa mama mzazi. Ikiwa lazima kuweka kitu mtandaoni, wekeni ngoma na wapigaji ngoma, wekeni pilau. Sura za wali zibaki nyumbani.

Kuhusu status ya WhatsApp, wengi wanajipa moyo kwamba inafutika baada ya saa 24. Inafutika kwako. Zipo programu za bure za kudaka status za watu, na vijana wanazo. Fungueni mipangilio, ingieni faragha, halafu status, na mchague kuionyesha kwa watu mnaowataja kwa jina tu, kumi, ishirini, basi. Picha ya wasifu iwe kwa namba mlizozihifadhi peke yake, na kama ni ya mtoto, ondoeni. Palepale kwenye faragha kuna sehemu ya makundi: wekeni kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye kundi ni namba ulizohifadhi tu. Fanyeni hivyo hivyo kwenye simu ya mtoto. Makundi ya wageni yanayomwingiza mtoto bila kuulizwa ndiyo mlango mkubwa wa video hizi.

Tuje kwenye simu ya mtoto yenyewe. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, maduka ya simu Masasi, Tandahimba na hapa mjini yanajaa. Baba amelipwa, anamnunulia kijana simu ya kupangusa. Na hapa kosa kubwa hufanyika palepale kaunta, dakika kumi za kwanza. Kijana wa dukani anafungua akaunti ya Google kwa haraka, na akifika kwenye mwaka wa kuzaliwa anaandika 1990 ili mambo yaende. Kuanzia hapo Google inamwona mtoto wa miaka 13 kama mtu mzima. Kinga zote zinazotegemea umri zimezimwa kabla simu haijatoka dukani. TikTok ni vilevile: akaunti ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa ya faragha na haipokei ujumbe wa moja kwa moja, lakini mwaka ukidanganywa, hayo yote hayapo. Vijana wa madukani, andikeni mwaka wa kweli. Wazazi, ambao mlishaandikiwa uongo, ingieni kwenye akaunti ya Google, taarifa binafsi, tarehe ya kuzaliwa, mrekebishe. Kama mtoto hajafikisha umri unaotakiwa, Google itawapa muda mfupi wa kuweka usimamizi wa mzazi, la sivyo itaifungia akaunti, kwa hiyo lifanyeni siku mliyo na nafasi na bando.

Usimamizi huo ni programu ya Family Link, ya bure. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, anaiunganisha na akaunti ya mtoto, na kuanzia hapo programu mpya haiingii simu ya mtoto mpaka mzazi abonyeze kukubali. Hiyo peke yake inazuia zile programu za kuvua nguo zinazojificha kwa jina la "kuhariri picha". TikTok nayo ina utaratibu wake wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto kwa kuskani msimbo. Ila kila kimoja kina tundu. Family Link haisaidii kama mtoto anatumia simu yako wewe mzazi, na nyumba nyingi ndivyo ilivyo. Hapo fungueni Play Store, mipangilio, familia, udhibiti wa wazazi, mweke PIN. Tafadhali isiwe ile ya kutolea hela, maana hiyo watoto wanaijua kuliko ninyi. Kwa mdogo anayetazama katuni, tumieni ile njia ya kubandika programu moja kwenye skrini, ipo kwenye mipangilio ya usalama ya Android, asiweze kutoka hapo bila PIN. Katuni zenyewe mzipakue ninyi na kuzitazama kwanza, kwa sababu video za watoto zinazotengenezwa kwa mashine sasa ni nyingi, mwanzo ni mzuri na katikati yanatokea mambo ya kutisha, na hakuna binadamu aliyezipitia kabla.

Ipo kinga nyingine ambayo haihitaji kununua chochote, na leo tutaiweka hapa hapa kabla hatujaachana. Simu ikitaka kufungua tovuti huuliza kwanza anwani yake kwenye huduma inayoitwa DNS. Ukiielekeza iulize huduma inayochuja, tovuti za ngono zinazojulikana hazifunguki kabisa. Kwenye Android toleo la 9 kwenda mbele, ingia mipangilio, mtandao na intaneti, DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, na uandike family.cloudflare-dns.com, herufi ndogo zote, bila nafasi. Nukta moja ikikosewa intaneti nzima inakata, na watu hudhani bando limeisha.

Mipaka yake muijue pia. Haigusi kinachoingia ndani ya WhatsApp au Telegram. Mtoto akiweka VPN, programu inayopitisha intaneti njia nyingine, inapitwa. Na haina habari na memori kadi: kijana akienda kibandani kuingiziwa nyimbo na video, au wakirushiana kwa Xender shuleni, hakuna intaneti iliyotumika, hakuna kichujio kilichoulizwa. Ninyi wenye vibanda vya kuingizia nyimbo, tunaomba folda zenu mzijue. Vilevile tunaomba wazazi mtazame kama mtoto ana WhatsApp ya kughushi, ile ya kijani yenye manjonjo mengi isiyotoka Play Store. Hizo zinapita usimamizi wote na hujui nani anasoma.

Sauti tutaigusa kwa ufupi. Mnaujua utapeli wa "tuma kwa namba hii". Sasa sekunde chache za sauti ya mtoto kutoka kwenye video ya TikTok zinatosha kutengeneza sauti yake akilia kwamba ameanguka bwenini, hela ya hospitali itumwe. Kata simu, mpigie matroni kwa namba uliyonayo wewe, usitumie uliyopewa. Muwe na neno la siri la familia ambalo halijawahi kuandikwa kwenye ujumbe.

Na zile programu za kupiga nazo soga kama na mtu. Kwa kazi za shule zina faida yake, lakini ChatGPT yenyewe kwa masharti yake inataka mtumiaji awe na miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na idhini ya mzazi. Tatizo si hesabu za darasani. Tatizo ni mtoto mpweke anayeanza kuifanya rafiki wa usiku, akaieleza mambo ambayo hajamweleza mtu. Imejengwa ijibu kwa kumfurahisha anayeuliza. Mtoto akiwa na mawazo ya kujidhuru anahitaji mtu, si kitu kinachokubaliana naye. Itumike sebuleni, mchana.

Tukubaliane kwamba pamoja na yote hayo, siku moja itatokea. Saa za kwanza ndizo zinazoamua mengi, na ndizo tunazozivuruga zaidi.

Mtoto akija kukuambia, au ukisikia kwa jirani, neno la kwanza liwe fupi: "Nimekuamini, hujakosea, tutalishughulikia." Usianze na "ulimpa nani picha". Na usimnyang'anye simu kwa hasira ukaipeleka kwa fundi kuflashiwa. Hilo tunalitilia mkazo, kwa sababu ndilo linalouwa kesi nyingi: simu ikishafutwa, namba ya aliyetuma, saa, na maneno ya vitisho vyote vimekwenda. Mafundi, mkiletewa simu ya namna hiyo na mzazi anatetemeka, mshaurini aende polisi kwanza.

Chukua daftari. Andika namba iliyotuma, jina la kundi, jina na namba ya admini, tarehe na saa, na kama ipo tovuti, kiungo chake chote. Piga picha ya skrini ya maneno na ya wasifu wa aliyetuma. Ile picha chafu yenyewe usiipige wala kuihamisha, ibaki ilipo mpaka polisi waione, isipokuwa kama admini ameshaifuta kundini kama tutakavyoeleza. Kama kundi limewekwa ujumbe unaotoweka, inaweza kuwa ni saa 24, siku 7 au siku 90, kwa hiyo usilale.

Admini wa kundi ana kazi yake. Kwanza aandike namba ya aliyetuma. Kisha afute kwa wote, kwani admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kundini, wakati aliyetuma mwenyewe ana muda wa siku mbili na saa kumi na mbili tu. Akianza kufuta kabla ya kuandika, amesaidia watazamaji na kumwokoa mkosaji. Baada ya hapo mripoti ndani ya WhatsApp. Ukiripoti, kampuni hupokea jumbe tano za mwisho kutoka kwa huyo mtu au hilo kundi, basi ripoti mapema kabla hazijafunikwa na soga za watu. Angalieni sana kisanduku kidogo kinachotokea hapo, kinachosema umzuie mtu na kufuta mazungumzo. Kama kina alama ya vema, kitoeni, la sivyo unaripoti na kufuta ushahidi wako kwa kidole kimoja.

Kisha kituoni, Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na simu, chaja yake, namba ya kufungulia, na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, maana umri ndio unaobadilisha kosa. Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama unaogopa kuanza na kituo, pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ajulishwe.

Kuiondoa picha mtandaoni kuna njia inayofanya kazi. Kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, kina huduma ya bure inayoitwa Take It Down, kwenye takeitdown.ncmec.org, kwa picha za utupu za aliyekuwa chini ya miaka 18. Picha haitumwi popote. Simu yenyewe inaisoma na kutoa mfululizo wa herufi na namba, ambao kwa picha hiyo ni kama alama ya kidole kwa mtu. Alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni kama Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zitafute na kuondoa inayofanana. Jina la mtoto haliulizwi. Udhaifu wake ni kwamba picha ikikatwa pembeni au kuwekwa maandishi inakuwa na alama mpya, kwa hiyo kila toleo lipelekwe peke yake. Na haifiki ndani ya WhatsApp, ambako jumbe zimefungwa. Google nayo hupokea ombi la kuondoa picha ya mtoto kwenye matokeo ya utafutaji.

Mtu akitishia kuisambaza mpaka alipwe, asilipwe. Anayelipwa elfu hamsini leo anarudi Ijumaa. Weka ujumbe wake, na namba anayotaka itumiwe hela, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Wazee, hapo pana jambo lenu: wapo mawakala waliowaambia "weka kidole tena, haijasoma", wakasajili laini nyingine kwa kitambulisho chako. Piga *106# uone laini ngapi ziko kwa jina lako, usije ukaitwa kituoni kwa jambo la mjukuu wa mtu.

Na kumalizana kinyumbani. Tunajua desturi: familia mbili zinakaa, mzee anasuluhisha, fidia inatolewa, binti anahamishiwa shule ya mbali. Kwa ugomvi wa mipaka ya mikorosho suluhu hiyo inafaa. Kwa hili haifai, kwa sababu faili bado limo kwenye simu ya aliyelitengeneza na za rafiki zake, hakuna aliyelifuta wala kukagua, na aliyehamishwa ni aliyeumizwa. Kama mkosaji ni mtoto naye, shauri lake lina Mahakama ya Watoto kwa Sheria ya Mtoto, haendi kuchanganywa na watu wazima, kwa hiyo msimfiche kwa huruma hiyo. Walimu, lisitangazwe paredini, hata bila jina. Shule nzima itajua ni nani kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Maswali tutayapokea huku kazi ikiendelea. Mafundi wetu wako kwenye meza mbili zile za nyuma, karibu na dirisha. Wenye Android toleo la 9 na kuendelea waanzie meza ya kushoto, wawekewe DNS na faragha ya WhatsApp, ni kama dakika tano kwa simu. Wenye simu za zamani na vitochi waende kulia, watawekewa namba 116 na kuonyeshwa *106#. Fomu za ridhaa za picha wanazo walimu wakuu kuanzia leo. Bibi zangu tutawaomba mtangulie, msisimame kwenye foleni. Ahsanteni.